Miaka sita ghalani, na hakuna wa kuiandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikwama kooni tangu Februari mwaka huu. Jina langu unalo. Naomba usilichapishe, kwa sababu kesho alfajiri nahitaji geti lifunguliwe nipite.

Mimi ni karani wa ghala. Ghala lenyewe liko kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na nimefanya kazi humo tangu Machi 2019. Mwishoni mwa Mei nimesaini mkataba wangu wa 25. Kila mkataba ni wa miezi mitatu, na katika yote 25 hakuna hata mmoja wenye jina la kampuni inayomiliki ghala. Yote nimeisaini kwa wakala wa ajira, kwenye ofisi ya vyumba viwili iliyo ghorofa ya tatu Kariakoo. Nafika pale mara nne kwa mwaka, na dada wa mapokezi kila mara ananiuliza, "Wewe ni wa saiti ipi?"

Kazi yangu naijua. Lori likiingia na kontena, mimi ndiye ninayesoma namba ya lakiri, kile kifungo cha usalama cha mlango wa kontena, na kuilinganisha na hati kabla haijakatwa. Nahesabu katoni, paleti kwa paleti, naangalia namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, naandika hati ya kupokelea, namwelekeza wa foklifti safu ya kushusha. Mzigo uliotangulia kuingia lazima utangulie kutoka, na mwenye dhamana ya hilo ni mimi. Magari ya Tunduma na ya Kasumbalesa yakija kupakia, madereva wanasaini kwangu. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi niliyoipata Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE. Kazi hii niliisomea.

Lakini beji yangu imeandikwa KONTRAKTA. Kizibao changu ni cha njano, cha wenzangu wa kudumu ni cha rangi ya chungwa. Wao wanakula kantini, sisi tunatoka nje kwa mama lishe na kurudi ndani ya dakika 30. Hayo ya chakula na rangi nimeshayazoea, na siyo yaliyonishikisha kalamu.

Lililonishikisha kalamu lilianzia kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka, Desemba. Leja ilionyesha kuwa tuna katoni 312 za maziwa ya unga ambazo kwenye safu hazikuonekana. Minong'ono ya wizi ikaanza, na macho yakawaendea vijana wa kupakia, ambao nao ni wa wakala kama mimi. Nilibaki ghalani hadi saa 4 usiku nikipitia hati za miezi mitatu, karatasi kwa karatasi. Nikakuta mzigo mmoja wa Novemba uliandikwa safu ya 41. Nikakumbuka kwamba siku ile ya kushusha ilikuwa mvua, maji yanaingia upande wa kule, na wa foklifti alikuwa mgeni. Nikaenda safu ya 14. Mbele palikuwa pamepangwa sabuni hadi juu. Asubuhi tulipotoa paleti za sabuni, maziwa yalikuwepo nyuma, katoni zote 312, na vumbi juu yake. Vijana wale walinishukuru kwa machozi, maana mmoja wao alishaambiwa asirudi. Meneja wa ghala alinipa mkono mbele ya watu wote. Namheshimu mzee yule, na lolote nitakalolisema huko mbele halimhusu yeye binafsi.

Wiki ya pili ya Januari likabandikwa tangazo ubaoni, jirani na mashine ya kuweka kidole. Nafasi moja ya karani mwandamizi wa ghala, ajira ya kudumu. Sifa: stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu usiopungua miaka mitatu wa kazi ya ghala. Nililisoma mara mbili moyo ukinidunda. Mstari wa mwisho ulisema: "Kwa watumishi wa kampuni pekee."

Nilikwenda kwa ofisa rasilimali watu, mama mmoja mpole. Akaniambia, "Mwanangu, ningependa sana, lakini kwenye vitabu vyetu wewe haupo. Wewe ni wa wakala." Katika watumishi wa ndani hakuna aliyekuwa na stashahada ile, kwa hiyo baada ya siku kumi nafasi ikatangazwa nje. Hapo nami nikaruhusiwa kuomba, kama Mtanzania mwingine yeyote.

Nikaomba. Fomu ilitaka jina la mwajiri wa sasa. Nikiandika kampuni nimesema uongo, na uongo kwenye fomu ya kazi unaweza kukufuata maisha. Nikaandika wakala, na kwenye maelezo nikasema kituo changu cha kazi ni ghala lao hilohilo. Fomu ikataka pia barua ya mwajiri ya kuthibitisha uzoefu. Nikapanda gari hadi Kariakoo. Dada wa mapokezi alinichapia barua ndani ya dakika tano, ina nembo na muhuri. Inasema mimi ni mtumishi wao tangu Machi 2019 katika kada ya "huduma za jumla". Nikamwomba aandike karani wa ghala. Akanigeuzia kompyuta nione: mfumo wao una kada tatu tu, usafi, ulinzi na huduma za jumla. Nikamwomba basi aongeze sentensi moja ya kazi ninazofanya. Akanijibu, "Dada, sisi hatujui unafanya nini kule. Hatujawahi kukuona ukifanya." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, hajawahi kukanyaga ghalani, wala hakuna mtu wa ofisi yao ninayemkumbuka kuingia ndani tangu mwaka 2021, alipokuja mmoja kugawa vizibao.

Nikarudi kwa meneja. Alikubali papo hapo, akatoa karatasi yenye nembo, akaandika tarehe. Halafu akaiweka kalamu chini. Akanieleza kwamba wanasheria wa makao makuu wamekataza kumwandikia mtu wa wakala barua ya kampuni, isije siku moja ikapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, kuonyesha kwamba kampuni ndiyo mwajiri. Alikuwa ananiangalia kwa huruma kabisa. Nikatoka na barua ya huduma za jumla.

Februari 25 nikapata ujumbe. Sikuitwa kwenye usaili kwa sababu "hakuna uthibitisho wa uzoefu wa miaka mitatu wa kazi ya ghala". Ujumbe ulitoka makao makuu ya kampuni ambayo asubuhi ile, saa 3, nilikuwa nimeipokelea kontena mbili za futi 40. Niliusomea nyuma ya safu ya 14. Nililia, Mhariri, na sioni haya kulisema. Aliyepata nafasi ni kijana kutoka nje, ana adabu, ananiita dada, na hana kosa lolote. Wiki tatu za kwanza nilikuwa namtembeza nikimwonyesha vitu vilipo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kufuma kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo. Aliingia mwaka 1979. Barua yake ya ajira bado anayo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Imeandikwa kazi yake, mashine zake, msimamizi wake, na kwamba ameajiriwa kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Alipoondoka miaka ya 1990 alipewa cheti cha utumishi kilichoeleza alichokuwa akikifanya kwa miaka yote ile, na kwa karatasi hiyo moja alipata kazi Morogoro kabla mwezi haujaisha. Hadi leo nikimpigia simu, baada ya kujuliana hali, ananiuliza, "Barua umeshapewa?" Haulizi mshahara. Zamani nilidhani ni mambo ya wazee. Tangu Februari nimemwelewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imelitazama jambo hili. Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni kifungu kizuri kwa mtu ambaye mwajiri wake ndiye anayemwona akifanya kazi. Kwetu sisi watu hao wawili wametenganishwa. Anayeijua kazi yangu amekatazwa kuiandika, na mwenye ruhusa ya kuandika haijui. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka sita mahali pamoja, akatoka na karatasi isiyomsaidia kuomba hata kazi aliyokuwa akiifanya jana.

Najua wapo watakaosema kwa nini usiondoke, au kwa nini usiende Tume. Naomba niwajibu, kwa sababu wengi hawajui maisha haya yanavyokwenda.

Kuondoka nimejaribu. Oktoba mwaka jana niliitwa usaili wa utumishi wa umma, Dodoma, baada ya kuomba kwa njia ya Ajira Portal. Nilimweleza msimamizi ukweli, kwa kuwa sipendi kuzulia misiba ndugu zangu walio hai. Aliniruhusu, lakini siku mbili zile sikulipwa. Nikapanda treni ya SGR, nauli 31,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, nikalala kwa binamu yangu. Nilipita usaili wa mchujo, nikarudi tena kwa mahojiano, siku mbili nyingine na nauli nyingine. Sikuchaguliwa. Hilo silalamikii hata kidogo, tulikuwa wengi na waliochaguliwa walistahili. Nataka tu msomaji apige hesabu ya mtu mwenye mshahara wa 340,000 ambaye kila anapotafuta kazi ya kudumu anakatwa siku. Wenzangu wa vizibao vya chungwa wana likizo ya mwaka ya siku 28. Mmoja alichukua wiki yake akaenda usaili, akarudi, hakuna aliyejua.

Sheria inasema mtu aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Sijui kama ndiyo sababu, lakini sisi kila baada ya mikataba miwili, yaani kila nusu mwaka, tunaambiwa tukae nyumbani siku saba bila malipo, wanaita mapumziko ya mkataba. Ghala halipumziki siku hizo. Wenzangu wa zamu nyingine wanabeba na kazi yangu. Hadi sasa nimekaa mara 12. Ni siku 84, karibu sawa na mkataba mmoja mzima. Kijana mmoja wa chama cha wafanyakazi alinionyesha kwamba sheria hiyohiyo imeona mbali: anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi sita, anastahili likizo. Niliipiga picha kurasa ile. Bado iko kwenye simu yangu, sijapata wa kumwonyesha, kwa sababu wakala ananiambia muulize mwenye saiti, na mwenye saiti ananiambia muulize wakala.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na kwa mtu aliyeachishwa kazi mlango uko wazi siku 30. Kifungu cha 36 cha sheria yetu kinasema hata kutokumwongezea mkataba mtu aliyekuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa kunaweza kuhesabika kuwa ni kumwachisha. Ni ulinzi mkubwa. Lakini unaanza kufanya kazi siku ambayo nimeshatolewa getini. Mimi sijatolewa, naongezewa, naongezewa tena. Nikifungua shauri leo nikiwa ndani, nina hakika mkataba wa 26 sitauona, na mwanangu anaingia darasa la kwanza Januari.

Kuhusu nyumba nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu humo ndimo mikataba ya miezi mitatu inapouma kuliko mahali pengine. Nakaa Gongo la Mboto, chumba na sebule, 80,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 480,000, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili. Yaani kila ninapolipa kodi, nusu yake ni ya miezi ambayo kwa maandishi sina kazi. Simlaumu, naye ana wajukuu anaowasomesha kwa kodi ile. Mwaka 2023 nilitaka kukopa benki nilipe ya mwaka mzima nipate nafuu. Ofisa mikopo alinipokea vizuri, akasoma mkataba wangu ukurasa wa kwanza, akauliza, "Huu unaisha lini?" Nikamwambia Agosti. Ilikuwa Julai. Akaurudisha taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake picha ya marehemu. Hela ile tuliipata kwenye mchezo wetu wa kupeana, wanawake kumi na wawili wa ghalani. Mpaka leo huo mchezo ndio benki yangu.

NSSF nako nilipata shida, wakala alipobadilisha jina la kampuni yake mwaka 2022: michango ya miezi minne haikuonekana, nikafuatilia karibu mwaka mzima hadi ikaingizwa. Pensheni inataka miezi 180 ya michango. Miezi minne si midogo.

Nisiwadhulumu mawakala. Nilimaliza chuo mwaka 2015 nikakaa miaka minne nikisajili laini na kuuza vocha Mbagala, nikituma maombi yasiyojibiwa. Aliyenifungulia mlango wa kwanza ni wakala. Kazi ya kumkutanisha mwenye kazi na mtafuta kazi ni ya heshima na inastahili malipo. Kinachonishinda kuelewa ni malipo hayo kuendelea kila mwezi kwa miaka sita baada ya kunikutanisha. Siku moja nilikuta ankara ya wakala kwenye printa ya ofisi ya ghala, sikuitafuta, niliifuata hati yangu ya kupokelea. Jina langu lilikuwa mstari wa tisa, 455,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Nilipiga hesabu usiku nikitoa mshahara wangu, mchango wa mwajiri wa NSSF ambao ni asilimia 10, wa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na tozo ya ufundi stadi. Kikabaki zaidi ya 60,000. Ni karibu kodi yangu ya nyumba, kila mwezi, kwa kazi ya kunisainisha mara nne kwa mwaka. Na meneja aliwahi kunidokeza kwamba katika mkataba wa kampuni na wakala kuna kipengele: kampuni ikimchukua mtu wa wakala moja kwa moja, inalipa fidia. Basi hata anayenitaka anatozwa kwa kunitaka.

Mwaka 2014 nikiwa chuoni serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa huduma za ajira, zikiwataka wawaunganishe watu na waajiri, siyo wao wenyewe kuwa waajiri. Nakumbuka vizuri kwa sababu kaka yangu alikuwa dereva chini ya wakala. Tulisherehekea nyumbani, mama alipika pilau. Kazini kwake baadhi walichukuliwa na kampuni waliyokuwa wakiiendeshea magari. Yeye na wengine walipewa karatasi mpya za kusaini, wakala yuleyule, ofisi ileile, sasa akijiita kampuni ya kutoa huduma. Kaka anaendesha gari lilelile la aina ileile kwa mtindo huo mpaka leo.

Sheria yetu, kifungu cha 14, mwanzoni iliweka mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Marekebisho ya mwaka huu wa 2025 yameongeza mazingira mengine, kama kazi inapoongezeka kwa kipindi fulani au kazi za msimu. Naelewa sababu zake. Korosho ina msimu, na duka lina shughuli zaidi kuelekea sikukuu. Naomba tu wanaosimamia sheria waje waangalie kitabu cha getini kwetu. Malori yameingia kila siku ya kazi tangu nilipofika. Hakuna msimu pale.

Majirani wamelishughulikia kila mmoja kwa namna yake. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi hahesabiwi tena kuwa ni kibarua wa siku. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, na hii inatugusa sisi wa mawakala moja kwa moja: tangu mwaka 2015, mtu wa wakala mwenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa akimfanyia kazi mteja zaidi ya miezi mitatu anahesabiwa ni mwajiriwa wa mteja yule. Mwaka 2018 Mahakama yao ya Katiba ikasema wazi kwamba kwa madhumuni ya sheria hiyo mteja anakuwa ndiye mwajiri pekee. Miezi mitatu, Mhariri. Mimi nina 72 na zaidi.

Sitegemei tufike huko kesho. Ombi langu kwa wizara yenye dhamana ya kazi ni dogo, halina gharama, na linaweza kuandikwa kwenye kanuni kwa mistari mitatu. Cheti cha utumishi na barua ya uzoefu ya mtu wa wakala vitiwe sahihi na pande mbili: wakala, na mahali mtu alipofanyia kazi. Kiandikwe cheo halisi, kazi alizofanya, tangu lini hadi lini. Na iandikwe pia kwamba sahihi ya mwenye saiti ni ushahidi wa uzoefu tu, ili wanasheria wa makao makuu walale usingizi na mameneja waruhusiwe kusema ukweli walioushuhudia kwa macho yao. Wanaopigania haki kubwa zaidi waendelee, nami nitakuwa nyuma yao. Ila nimeona wenzangu wakiondoka ghalani mikono mitupu wakati mabishano makubwa yakiendelea. Mzee mmoja wa foklifti aliondoka mwaka jana baada ya miaka tisa, hajawahi kugusa ukuta wala nguzo, na barua yake inasema huduma za jumla. Sasa anaendesha bajaji Pugu.

Kwa waajiri nina ombi pia. Mnapobandika tangazo la nafasi ya ndani, ondoeni ule mstari wa mwisho, au andikeni kwamba aliyefanya kazi ndani ya geti lenu mwaka mmoja na zaidi anaweza kuomba. Mshindanisheni na wengine, mpeni mtihani, akishindwa ashindwe. Mtakuwa mmempata mtu ambaye hamhitaji kumtembeza wiki tatu.

Na kwa maofisa kazi mnaokuja kukagua: mkifika ofisini mnapewa daftari la watumishi, mnahesabu majina, mnaondoka. Naomba mfike ghalani kwenyewe saa 2 asubuhi, muhesabu watu, halafu mlinganishe na daftari. Sisi ndivyo tunavyohesabu mzigo. Hatuamini leja mpaka tumeiona katoni.

Kuna nafasi nyingine imetangazwa, kampuni tofauti, huko Kurasini. Karani wa ghala, ya kudumu. Wanataka barua ileile. Safari hii nimeichapa mwenyewe, ukurasa mmoja, nimeandika kazi zangu zote kuanzia kusoma lakiri hadi hesabu ya mwaka, na chini nimeacha nafasi mbili za sahihi. Nilikwenda nayo Kariakoo wiki iliyopita. Dada wa mapokezi aliisoma yote, akaniuliza lakiri ni nini, nikamweleza, akaipeleka ndani ikasainiwa na kupigwa muhuri. Sahihi ya pili bado. Barua iko kwenye droo ya meneja, ameniambia ameomba kibali makao makuu. Mwisho wa kupokea maombi ni Juni 30.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa ghala,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam